Gari Lililofunikwa Kaloleni

Shemeji yangu Ochola alizikwa kwao, karibu na Pap Onditi, mwezi uliopita, na dada yangu Akinyi hakwenda. Alinituma mimi. "Nenda uone kama wamemfukia vizuri," aliniambia kwenye simu, na hakuwa anacheka. Nikaenda, nikakaa nyuma kabisa ya hema, kwenye viti vya plastiki vya wanawake waliokuja kwa ajili ya chakula, nikasikiliza hotuba. Mzee mmoja aliyefanya kazi naye ofisini alishika kipaza sauti akasema marehemu alikuwa mtu wa kutunza vitu. "Gari ya Ochola, yawa, hata nzi ilikuwa inateleza! Hata mvua ilikuwa inaomba ruhusa!" Watu wakacheka, wakapiga makofi, mjane wake, mke aliyemwoa baada ya dada yangu, akafuta machozi kwa ncha ya leso huku naye akitabasamu. Mimi nilishusha kichwa. Nilijihisi nimerudi msichana wa kumaliza kidato cha nne, nimesimama kwenye uwanja wa nyumba yao Kaloleni, mjini Kisumu, nikishika pembe moja ya kava la gari, dada yangu ameshika pembe nyingine, na sote wawili tunaogopa kupumua.

Nyumba yenyewe ilikuwa mojawapo ya zile za zamani za baraza la mji, kuta nene, madirisha madogo, paa la vigae vilivyokuwa vimeota ukungu. Vyumba viwili na jiko. Mimi nililala sebuleni, kwenye godoro lililoviringishwa kila asubuhi na kusukumwa nyuma ya kabati, ili mgeni akiingia asijue kwamba mtu analala pale. Viti vilikuwa na vitambaa vya kufuma, na juu ya televisheni palikuwa na ua la plastiki. Kiti cha Ochola ndicho kilichokuwa kimeelekezwa dirishani badala ya kuelekea televisheni. Nilidhani mwanzoni anapenda hewa. Kumbe kutoka pale aliliona gari. Lilikuwa saluni ndogo ya rangi ya maruni, kuukuu kiasi, lakini boneti lake lilikuwa limepigwa rangi upya na liking'aa kama kucha za bibi harusi. Alikula akiliangalia. Akinyi alipomletea ugali na samaki ngege wa kuchemsha, alinyoosha mkono kwenye beseni la maji bila kugeuza macho, na dada yangu akamwagia maji akilenga vidole vya mtu asiyemtazama.

Kazi niliyotafutiwa ilikuwa kujifunza ushonaji kwa Mama Njeri, upande wa soko la Kibuye. Alishona viti vya magari, mapazia ya malori na makava. Yeye na mumewe walikuwa wametoka Murang'a miaka mingi nyuma kuja kuuza vipuri, mume akafa, akabaki na cherehani mbili na chumba cha kulala nyuma ya karakana. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana, na Dholuo chake kilikuwa cha sokoni: kilitosha kwa bei na matusi. Kwa mambo mengine yote alitumia Kiswahili. Ochola alipotaka kava, alikuja mwenyewe na gari. Alisimama mlangoni mchana kutwa tukikata na kushona. Mama Njeri alimwonyesha turubai, akakataa; akamwonyesha kitambaa cha parachuti chenye bitana laini ndani, naye Ochola akaipitisha bitana shavuni mwake kwanza, macho ameyafumba, kisha akakubali. "Hii sasa inafaa," akasema. Mama Njeri alimtazama akipitisha kile kitambaa shavuni, kisha akanitazama mimi. Ochola alipoondoka, Mama Njeri akaniuliza, "Huyo ndiye bwana ya dada yako? Na dada yako, huwa anamshika hivyo?" Nikacheka kwa aibu. Nilikuwa na wiki chache tu nyumbani kwao.

Tangu siku hiyo maisha ya nyumba yakawa ya kufunika na kufunua. Asubuhi kabla ya chai tulilifunua gari, tukianzia nyuma kwenye buti, tukikunja kava kuelekea mbele ili upande wa nje, wenye vumbi, usiguse upande wa ndani. Jioni akirudi, lilioshwa, likakaushwa kwa fulana za pamba, likapapaswa boneti mpaka likapoa kiasi, ndipo likafunikwa. Kava halikuburutwa. Lilinyanyuliwa, watu wawili, mmoja kila upande, likashushwa taratibu kama shuka juu ya mtoto mgonjwa. Chembe moja ya mchanga ikibaki katikati, upepo wa ziwa ukilitikisa kava, ule mchanga unasugua rangi kama msasa. Ochola alitueleza haya mara moja, kwa upole mkubwa, kama mwalimu wa shule ya Jumapili. Sikuwahi kumsikia tena akitumia upole ule kwa jambo lolote.

Wa kwanza kuumizwa alikuwa paka. Alikuwa wa jirani, paka wa madoa, mnene kwa vichwa vya omena, dagaa wa ziwani, na alipenda kupanda juu ya kava jioni kwa sababu boneti lilikuwa bado na joto chini yake. Ochola alimwona kutoka kwenye kile kiti chake. Hakupiga kelele. Alitoka pole pole, akimwita kwa sauti nyororo, akamshika kwa ngozi ya shingo, akambeba hadi kwenye ukuta wa bafu. Nilisikia mlio mmoja tu. Kisha akarudi, akanawa mikono kwenye beseni lile lile la kunawia, akaendelea kula. Nyuma ya ukuta tulioshirikiana na jirani, tulisikia mwenye paka akilia na mume wake akimnyamazisha: "Wachana naye. Mtu anaweza kufanyia paka hivyo, unataka umwulize swali?" Akinyi alikuwa ameshika bakuli la mchuzi. Aliliweka mezani, akapangusa tone lililomwagika, akapangusa tena mahali hapo hapo palipokuwa tayari pakavu. Mimi leo ni mtu mzima, nimeolewa, nimezaa, nimeshuhudia mengi, na bado naamini kwamba jirani yule alituambia ukweli wote kuhusu nyumba yetu kupitia ukuta, na sisi tuliousikia tukaendelea kumega ugali.

Zamu ya dada yangu ilifika Jumapili moja baada ya kanisa. Ochola alilifunua gari, akainama, jicho likiwa sambamba na mlango wa dereva, akaona mikwaruzo. Ilikuwa myembamba, ya mviringo, ile ambayo huonekana tu jua likiwa upande. "Nani alifunika jana?" akauliza. Tulikuwa tumefunika sote wawili, na nikafungua mdomo kusema hivyo, lakini Akinyi akanitangulia: "Mimi." Alikuwa bado amevaa gauni lake la kanisani, la bluu. Ochola alimwambia aje aone. Akaja. Akamshika kisogo, akausukuma uso wake mpaka karibu kabisa na rangi, pua inakaribia kugusa, akamwuliza, "Unaona? Unaona?" Dada akasema anaona. Ndipo akambamiza. Si kwenye gari, alikuwa mwangalifu. Alimgeuza kwanza, akambamiza kwenye nguzo ya uzio, halafu akavua mshipi. Watu walikuwa wanapita wakitoka ibadani, na Biblia mikononi. Mmoja alisalimia. Ochola akaitikia, "Jumapili njema, Mzee," mshipi ukiwa juu, kisha akaushusha.

Nilimwambia Mama Njeri kesho yake. Alikuwa anatoa pini kutoka mdomoni, moja moja, akizichoma kwenye mto. "Mwambie akuje hapa," akasema. Nikamwambia dada yangu hawezi kuja, atasema nini nyumbani. "Basi wewe mwambie, ile siku ataweza, mlango ni huu." Nikamfikishia Akinyi maneno hayo tukiwa jikoni, tunachambua mboga ya osuga. Alicheka kidogo, mdomo ukiwa umevimba upande mmoja. "Huyo mama anataka shida yangu ya nini? Hana zake?" Halafu akaniuliza mlango wenyewe uko upande gani wa soko. Nikamweleza. Akarudia maelezo yangu taratibu, kama mtu anayehifadhi njia ya kwenda hospitali.

Masika yalikuja na mvua ya mawe. Ochola alikuwa amesafiri kwa gari la ofisi kwenda kwao Nyakach, upande wa Pap Onditi, kwenye maneno ya shamba, na alipoondoka aliacha gari lake wazi ili likauke baada ya kuoshwa, akamwagiza Akinyi alifunike mchana. Wingu liliingia kutoka ziwani ghafla. Upepo ukaleta maji, maji yakaleta mawe, na mawe yakaanza kupiga mabati ya majirani kwa kishindo cha kokoto zinazomwagwa kutoka lori. Akinyi alikimbia nje bila viatu. Nikamfuata. Hatukuwa na muda wa kukausha kitu. Tulilirusha kava juu ya gari likiwa limelowa, tukafunga kamba chini ya bampa, mawe yakitupiga mgongoni na kichwani, naye dada akalala juu ya boneti kwa mwili wake mpaka yalipopungua. Alipoinuka, damu ilikuwa imechanganyika na maji shingoni. "Haijapata kitu," alisema, akicheka kwa furaha ya kweli. "Atieno, haijapata kitu!"

Hakuthubutu kulifunua. Agizo lilikuwa kwamba lifunikwe, na mvua iliendelea kuja na kuondoka, na katikati ya mvua jua la Kisumu likachoma lile kava mpaka likafuka mvuke. Nilimwambia maji yamefungiwa ndani. Alisema, "Na nikifunua, kisha mawe yarudi?" Ochola aliporudi, alikwenda kwenye gari kabla ya kuingia nyumbani. Tulimsikia akifungua kamba. Nilichungulia dirishani nikaona kile alichokuwa anakiona: boneti lilikuwa na mabaka meupe kama maziwa yaliyoganda, na katikati ya mabaka rangi ilikuwa imeota malengelenge. Aliligusa lengelenge moja kwa kidole. Likapasuka. Aliona chuma chini yake, akatoa sauti ambayo sijaisikia kwa mwanaume mwingine, hata msibani.

Akaingia na chuma cha jeki. Akinyi alikuwa amesimama katikati ya sebule na sahani ya chapati, kwa sababu alitaka kumkaribisha. Pigo la kwanza lilivunja sahani na mkono uliokuwa umeishika. Nakumbuka chapati ikiwa sakafuni na alama ya kiatu juu yake. Nakumbuka ua la plastiki likiruka. Alimpiga mbavuni, alipoanguka akampiga mapajani, akisema kila mara neno moja, "Nilikuambia. Nilikuambia. Nilikuambia," na ukweli ni kwamba alikuwa amemwambia, na yeye alikuwa ametii, na utii wake ndio uliokuwa unapigwa pale. Nilimrukia mgongoni. Nikamng'ata sikio mpaka meno yakakutana na chumvi ya damu. Alinikung'uta kama mtu anayevua koti, nikagonga kabati, vikombe vikanimwagikia. Alirudi kwa dada. Nikapata sufuria ya mchuzi jikoni, ilikuwa bado motoni, nikammwagia miguuni. Hapo ndipo alipoacha chuma. Alipiga ukelele, akatoka nje akirukaruka, nami nikafunga mlango kwa kabati, godoro langu na uzito wangu wote.

Majirani walivunja dirisha la jikoni kututoa. Yule mume aliyekuwa amesema wachana naye ndiye aliyembeba Akinyi mgongoni hadi kwenye teksi. Hospitalini walimfunga mkono plasta, wakamfunga mbavu, na muuguzi akaandika kwamba ameanguka, kwa maana ndivyo Akinyi alivyomwambia. Lakini tulipotoka, dereva alipouliza twende wapi, mimi nikasema Pap Onditi, kwa wazee wa Ochola wakaamue, na dada yangu akanikatiza kwa sauti nyembamba, "Kibuye." Akamwelekeza dereva kona kwa kona mpaka kwenye mlango wa Mama Njeri.

Tulikaa kile chumba cha nyuma ya karakana sote watatu. Kitanda alipewa Akinyi. Mimi na Mama Njeri tulilala juu ya sponji za viti ambazo wateja walikuwa hawajachukua. Chumba kilinuka gundi na mafuta ya cherehani, na chakula kilikuwa nyoyo, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, maharagwe yakizidi, kwa sababu Mama Njeri hakula omena na hakutaka kuficha. "Hiyo samaki yenu ndogo inaniangalia," alisema. Akinyi alicheka hadi akashika mbavu na kulia kwa maumivu, kisha akacheka tena. Wazee wa upande wa Ochola walituma ujumbe kwamba mke arudi, mume amesamehe. Mama Njeri aliuliza, "Amesamehe nini?" Aliyeleta ujumbe hakujua. Mimi nimefikiria sana, miaka yote hii, kuhusu yule mama. Hakuwa na ndugu mjini mle, Mkikuyu kati ya Wajaluo. Kila uchaguzi ulipokaribia alifunga karakana mapema na kusikiliza redio kwa sauti ya chini. Mtu kama huyo angekuwa wa mwisho kutafuta ugomvi na mwanaume wa pale.

Ochola alikuja siku ya soko, wakati wa mchana, watu wamejaa. Alikuwa amenyoa, amevaa shati la kazini, anachechemea kidogo kwa yale majeraha ya mchuzi. Akinyi alikuwa nje ya mlango akichagua nyanya kwa mkono wake mzima. Ochola alimpokonya mkoba begani, akamshika nywele, akaanza kumburuta kuelekea barabarani. Nyanya zikaviringika chini ya miguu ya watu. Watu wakapisha, kama wanavyopisha mambo ya mume na mke, na wengine wakageuza nyuso. Plasta ya dada yangu iligonga ukingo wa meza ya muuza viatu, na yeye akatoa mlio ambao uliniondoa karakanani mkasi mkononi. Lakini Mama Njeri alikuwa ameshatangulia. Alipanda juu ya kiti cha gari kilichokuwa nje, mwanamke yule mfupi, akanyoosha kidole, akapaza sauti: "Mwizi! Mwizi! Ameiba mkoba ya mama!"

Soko likageuka. Waliangalia kwanza aliyepiga kelele, wakamtambua, na niliona macho yakipima: mama Mkikuyu, anamwita mtoto wa hapa mwizi. Kwa muda ule mfupi ingeweza kwenda upande wowote. Mwanaume mmoja akamwuliza, "Unasema nani?" Mama Njeri hakushuka. Kidole kilibaki pale pale. "Huyo. Mkoba iko kwa mkono yake. Si mnaona?" Waliona. Muuza omena mmoja mzee akasimama, akapangusa mikono kwenye aproni, akaipeleka ile sauti kwa Dholuo, "Jakuo!" na hapo soko zima likaipokea.

Sijawahi kuona kitu kikitokea haraka namna ile. Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. Akamwachilia dada yangu, akainua mikono kueleza, na mikono ikapigwa kwa fimbo ya hema. Vijana wa mikokoteni walifika. Walimpiga teke nyuma ya magoti akaanguka, wakamvua kiatu, wakampiga nacho usoni. Mtu akampiga kwa kipande cha mbao chenye misumari, na shati la kazini likawa jekundu mgongoni. Nilisikia mfupa. Nilisikia pia, nyuma ya umati, sauti ya mtu akiomba njia, na njia ikafunguka, naye akapita akiviringisha tairi kuukuu. Kila mtu wa mji ule alijua tairi ni la nini. Mama Njeri alishuka kwenye kiti. Uso wake ulikuwa umepauka. "Ngai," alisema, "sikutaka hii."

Ochola alikuwa amepiga magoti, jicho moja limefumba. Alimtafuta dada yangu kwa lile lililobaki. "Akinyi," alisema. "Akinyi, waambie mimi ni nani."

Watu wakamgeukia dada yangu. Alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, nywele zimetapakaa, plasta imepasuka. Kijana mwenye tairi akamwuliza kwa heshima, "Mama, huyu ni mwizi ama si mwizi?" Akinyi alimtazama Ochola. Mimi, niliyemjua dada yangu tangu kuzaliwa kwangu, sikujua atasema nini. Nikitaka kuwa mkweli, sikujua ni lipi nilitaka aseme. Akaomba mkono wa muuza omena, akainuka, akachukua mkoba wake kutoka pale ulipoanguka, akaukung'uta vumbi.

"Si mwizi," alisema. "Alikuwa bwana yangu. Mwacheni aende."

Waliguna. Mmoja akatukana. Lakini wakafungua njia, na Ochola akapita katikati yao akiwa na kiatu kimoja, ameshika mkono wake kama mtu aliyebeba kitu cha mwingine, na hakugeuka nyuma. Hakuja tena Kibuye.

Ndani ya karakana Mama Njeri alijaribu kuwasha jiko na njiti zikamvunjikia mikononi, mpaka nikamsaidia. Aliendelea kumwomba Akinyi msamaha na Akinyi aliendelea kutikisa kichwa. Chai ilipoiva, dada yangu alikishika kikombe kwa mkono wake mmoja, akakipuliza, akakiweka chini bila kunywa. Nilidhani anataka kulia.

"Mmesikia?" alituuliza. "Ameniita Akinyi. Tangu anioe, sijawahi kumsikia akinitaja jina. Kumbe alikuwa analijua."